Kitenge cha Kwaya kwenye Ukuta wa Kituo cha Afya

Nikipita kwenye ukuta ule bado masikio yananiwaka, lakini afadhali niwasimulie mwenyewe kabla hamjasimuliwa na mama wa kwaya.

Niliacha shule mapema, baba na mama walipotutoka nikabaki mkubwa wa wadogo zangu wote, na kinachotulisha ni burashi: naandika majina ya maduka, nachora kuku kwenye vibanda vya chakula. Basi kituo cha afya cha mtaa wetu, hapa Kabondo, kikanipa ukuta mmoja wa majaribio, nichore mama anayeumwa tumbo kwa kunywa maji ya mto bila kuyachemsha, nikifaulu nipewe na kuta zote zilizobaki.

Mama nilimchora vizuri, ameinama kando ya ndoo, mkono tumboni. Ningeachia hapo! Lakini kitenge chake nilikiona kitupu, nikakijaza taa na samaki, taa na samaki, mpaka kwenye pindo (nikarudi nyuma, nikajipigia makofi peke yangu), bila kujiuliza mapambo yale nimeyaona wapi.

Niliyaona kanisani. Ndicho kitenge walichoshona mama wote wa kwaya kwa ajili ya Pasaka.

Jumapili misa ilipokwisha wakaja wote, wamekivaa, wakanikuta ukutani nakusanya rangi zangu, mbele yao Mama Régine, mkuu wao, akasimama kando ya mchoro, kitenge kwa kitenge, na watu wakawa wanapiga picha kwa simu huku wakicheka mpaka machozi.

"Alors, ni sisi njo tunaharisha Kabondo muzima?" akaniuliza Mama Régine.

"Hapana, mama, ni maji..."

"Maji gani? Miye naona kwaya!"

Kumbe hakuna hata mmoja aliyeiona ndoo. Muuguzi mkuu alikuwa mlangoni anatikisa kichwa, nami nikaziona kuta zangu zikienda. Sikukimbia. Mbele ya wote nikachovya burashi, nikafunika taa, nikafunika samaki, kitenge kikawa buluu tupu. Hata hereni nikazifuta, nikabakiza macho yaliyofumbwa, mdomo, na ule mkono.

Kicheko kikakatika. Mama Régine akajikuta ameshika tumbo lake mwenyewe.

"Eeh! Huyu mama iko naumia kweli," akasema polepole. "Ni ile maji ya ndoo? Hakuichemusha?"

"Njo ile, mama," nikakubali.

Akawageukia wenzake. "Mumesikia? Kila mutu achemushe!"

Muuguzi mkuu akaja akanishika mkono: kuta zote ni zako. Wadogo zangu walinisindikiza kwa vigelegele mpaka nyumbani, na mimi, rangi mpaka puani, nilitembea kama gavana.

Ila nimeapa. Siku hizi nikimaliza mchoro namwita mpita njia wa kwanza nimuulize anaona nini, na akianza kusifu nguo, nafuta.