Kiini Si cha Yai

Kazi ya Sharifa ilimshinda mama mkwe wake kuieleza kwa majirani. Mke wa Mbaraka anakaa jikoni hapahapa Lushoto na kompyuta yake, anachora vitu vya michezo ya kwenye simu, na wakubwa wake wako Dar. "Anachora," Mama Mbaraka angesema, kisha angehamia kwenye habari za kabichi.

Safari hii walimtaka achore atomu. Ulikuwa mchezo wa wanafunzi: unaingia ndani ya atomu, unakwepa elektroni, unakitafuta kiini. Sharifa alishachora mara mbili, na zote mbili Abdallah, mkuu wa kazi, akazirudisha. Mara ya pili alimwambia, kwa upole tu, kwamba ikishindikana tena itabidi ahamie Dar, wawe wanaelekezana ana kwa ana. Joto la Dar Sharifa alilionja miaka ya chuo, likamtosha. Isitoshe, alimpenda mama mkwe wake, jambo ambalo wake za watu hawalitangazi hovyo.

Mama Mbaraka aliporudi kutoka shambani, Sharifa akampokea jembe.

"Shikamoo mama. Hebu nitazamie hii. Wakikataa tena, wananihamishia Dar."

"Marahaba." Akainama, mikono bado ina udongo. "Yai."

"Si yai, mama. Ni atomu."

"Hapo pameandikwaje?"

"Gusa kiini."

"Sasa? Kiini cha njano, kimejaa mpaka ukingoni, halafu unanibishia. Tena la kuku wa kisasa, limepauka."

Sharifa alicheka mpaka akafuta macho, kisha kicheko kikamkauka. Neno ndilo lililomponza. Tangu utotoni kiini kwake ni kile cha kwenye kikaango, na mkono ulichora ulichokizoea. Ilhali alikuwa amesoma vizuri kabisa kwamba kiini cha atomu ni kidogo mno, na elektroni haina barabara yake. Imetandaa kukizunguka, huwezi kuinyooshea kidole ukasema iko pale.

Akafuta yote. Akajaza kioo cha kompyuta ukungu, ule wa asubuhi unaokufanya umsalimie jirani kabla hujamwona. Penye ukungu mzito, elektroni utakutana nazo sana. Penye mwepesi, kwa nadra. Kiini akakifanya kitone chekundu katikati, ukizubaa unakipita. Njano hakuigusa tena. Akaituma picha kwa Abdallah.

Kesho yake alimkuta mtetea mweusi, anayetaga kuliko wote, kafungwa kamba mguuni kwenye nguzo ya jiko.

"Huyu wa nini, mama?"

"Wa kwenda nawe Dar. Mayai ya huko si mayai." Mama Mbaraka akageukia moto, akawa anauchochea ingawa ulikuwa unawaka vizuri. Sharifa akainama, akampapasa kuku mgongoni. Roho ilimuuma.

Mchana Abdallah akapiga simu. "Hii sasa ndiyo," akasema. "Nimepotea humo ndani mpaka chai yangu imepoa. Kaa hukohuko, tuchoree na nyingine."

Sharifa akatoka nje. "Mama, wameikubali. Siendi."

Mama Mbaraka aliingia jikoni akatoka na kisu, akakata kamba, akajifuta uso kwa ncha ya kanga. Kuku akakimbilia moja kwa moja kwenye kabichi, kule anakofukuzwa kila siku kwa mawe na matusi. Siku hiyo Mama Mbaraka alimtazama tu akidonoa.