Vitabu vya Wodini ni vya Wageni

Jamani, leo nimenyang'anywa kitabu cha mbuzi wodini, na hasira bado ninazo.

Mwanangu Neema, miaka mitano, amelazwa hapa hospitali ya Bunda, leo siku ya tatu. Akiona tu sindano, analia mpaka wodi nzima inajua.

Kwenye kabati la vioo kuna vitabu vya picha, vya watoto wagonjwa. Vipya kabisa, na nailoni zake. Kila siku naomba kimoja. Nesi ananijibu, "Hapana mama Neema, watavichana. Vile huwaga ni vya wageni."

Vya wageni! Kama vile vikombe vya kabatini kwa mama mkwe wangu.

Basi leo wageni wakaja kweli, na kamera zao. Kabati likafunguliwa, Neema akapewa kitabu. Ndani kuna mbuzi mdogo amelazwa, ana dripu mguuni. Neema akakiinamia. Akagusa dripu ya mbuzi, akagusa ya kwake. "Mama, na yeye wamemchoma!"

Tumefika katikati, picha zimeshapigwa, wageni wameondoka. Nesi huyo. "Haya, turudishe."

Nikamwambia, "Dada, tumalizie tu."

"Ndio utaratibu, mama." Akafunga kabati, ufunguo mfukoni.

Saa kumi sindano ikaja. Neema hakulia. Aliniuliza tu, "Mama, yule mbuzi alipona?"

Nikasema alipona.

Akaniangalia. "Umeona wapi, na kitabu wamekifungia?"

Haya, wenzangu, nisaidieni kumjibu.