Siku Niliyoziba Mianya ya Reli

Mwanangu, ipo Ijumaa moja ya Januari kule Riyadh ambayo nikiikumbuka hadi leo nakereka. Nakereka na nafsi yangu kwanza, ingawa watu wengine nao watapata sehemu yao humu ndani. Kaa nikueleze kabla hujaondoka kwenda kazini. Na hiyo simu iweke chini, haitakimbia.

Miaka ile mawakala wa Nairobi walikuwa wakitusomba vijana kwenda Uarabuni kila wiki. Kabla ya safari tulipewa mafunzo, na sehemu kubwa ya mafunzo yenyewe ilikuwa neno moja tu. Mwajiri akikuuliza kama unajua kitu, sema unajua. Kupika pilau yao? Najua. Kutunza ngamia? Najua. Mengine utajifunzia huko huko. Tuliitikia darasani kwa sauti, watu wazima na ndevu zetu, kama watoto wa nasari. Nikafika Riyadh kuwa dereva wa familia moja ya mtaa wa Al-Malqa, na neno hilo nimelishika kuliko nilivyoishika ikama yangu, kile kibali cha kuishi kule.

Kafili wangu, yaani mwajiri aliyenidhamini, ambaye tulimwita baba, alikuwa mstaafu mwenye wazimu mmoja: injini ya mvuke. Aliinunua kuukuu, akaifufua, akaitandikia reli fupi shambani kwake nje ya mji. Sasa yeye na rafiki zake walitaka kuiendeleza reli ile hadi kwenye mitende, upande wa pili wa shamba. Walikuwa watu wa kujitolea, hakuna aliyelazimishwa. Kila Ijumaa asubuhi walikuja na magari ya maana, wakavaa glavu mpya, wakainua chuma kimoja, wakapiga picha ishirini, wakaketi kunywa kahawa. Walipenda reli kwa moyo wote, siwanyimi hilo. Lakini kupenda kazi na kuifanya ni mambo mawili, na mimi niliyetakiwa kuinama sikuwa na muda wa kupigwa picha.

Utauliza dereva aliingiaje katika mambo hayo. Siku moja garini baba aliniuliza, "Kenya si kuna reli? Wewe unajua kazi ya reli?"

"Najua sana, baba," nikajibu hata kabla hajamaliza.

Nilikulia karibu na stesheni ya Webuye, hilo ni kweli. Nilichojua kuhusu reli ni kuivuka nikienda shule.

Sasa sikiliza upumbavu wenyewe. Mke wangu Nafula alikuwa Jeddah, akifanya kazi kwenye nyumba ya watu, akilala huko huko. Miaka miwili tulikuwa nchi moja bila kuonana hata kwa dakika. Ndugu yake baba aliyeishi Jeddah akawa anatafuta dereva, nami nikamwomba baba aniachilie nihamie kwake. Baba hakukataa. Alisema tu kwamba hawezi kumwachilia fundi wake wa reli kazi ikiwa katikati. Siku injini itakapofika mitendeni, atatia sahihi karatasi zangu za uhamisho. Ningesema sijui reli, ningekuwa Jeddah mwezi uliofuata. Nimelipigia hesabu jambo hilo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Tulikuwa na Mzee Barasa, Mkenya mwenzetu, mlinzi wa ghala, aliyeishi na wenzake chumba kimoja katika mtaa wa Al-Shumaisi. Nyumbani alikuwa nyapara wa genge la reli kwa miaka mingi kabla hawajapunguzwa kazini. Aliposikia habari za shamba lile aliniomba nimpitie Ijumaa, siku yake pekee ya kupumzika, aje abebe mataruma bure. Mimi nilicheka. Nani huacha usingizi wake akabebe magogo ya reli? Lakini ungemwona akishika spana, ungeelewa.

Mzee hakujitangaza, wala mimi sikumtangaza. Angekuwa nyapara, mimi ningekuwa nani? Alifanya kazi yake kimya, na kila reli mbili zilipokutana alichomeka kipande cha bati katikati yake, akakaza boliti, kisha akakichomoa. Hivyo paliachwa mwanya, kama upana wa kidole cha mwisho. Nilipomuuliza alinieleza bila kiburi. Chuma kikipata joto hurefuka. Asubuhi ya Januari Riyadh ni baridi ya kuvaa koti, kwa hiyo reli ilikuwa imenywea. Joto la Mei likija itatafuta mahali pa kwenda, na isipopata itajitafutia.

Basi Ijumaa hiyo niliyoitaja, rafiki mmoja wa baba alipita na kikombe chake, akaiona mianya, akacheka. "Reli gani hii yenye mapengo? Injini itaumwa meno!" Wote wakacheka. Baba hakucheka. Alinigeukia mimi, fundi wake.

"Hii ni sawa?"

Jibu nilikuwa nalo, nimeelezwa vizuri na mtu anayejua. Lakini wote walikuwa wakinitazama, na nilifikiri nikibishana na wakubwa hawa kazi itachelewa, na karatasi zangu nazo zitachelewa. "Mafi mushkila, baba, hakuna tatizo," nikasema. "Tunaziba yote."

"Tamam, vizuri. Yalla, kazini!"

Mzee Barasa alinivuta kando. "Kijana wangu, usifanye hivyo. Chuma hakitasikiliza kwamba bosi amefurahi."

"Mzee," nikamwambia, na maneno haya yananiuma nikiyarudia, "wewe ni mlinzi. Hapa fundi ni mimi."

Alinitazama kidogo, akasema, "Sawa basi," akaenda kubeba taruma. Mianya yote tukaiziba kwa kuzisukuma reli hadi zikagusana. Ilipendeza kweli, mwanangu, imenyooka na imeshikana, na wale mabwana wakapiga picha zao. Nilimpigia Nafula simu nikamwambia ajiandae, nakuja kabla ya mwaka kuisha.

Reli ilifika mitendeni mwishoni mwa Mei. Baba akaalika ukoo mzima. Ijumaa alasiri, jua linachoma hata kupitia soli za viatu, injini ilikuwa bandani inatoa mvuke, na wajukuu zake sita wameshapanda behewa. Mimi nilitangulia kwa miguu kukagua njia. Karibu na mitende nikasimama. Reli zote mbili zilikuwa zimesukumana hadi zikatoka kwenye mstari, zimepinda kama mshipi uliotupwa kitandani. Mataruma yalikuwa yamesogea nazo.

Ungefanya nini? Ungekimbia ukapige kelele, sivyo? Mimi nilichukua ndoo ya maji. Nikaanza kumwagia reli maji eti ipoe inyooke, kwa sababu nikisema, karatasi zimekwenda, na Jeddah imekwenda. Nikamwaga ndoo ya kwanza. Nikaenda kisimani, nikaleta ya pili. Injini ikapiga honi, ikaanza kuja, nami bado namwaga maji. Ningali nashangaa kwamba mtu yule alikuwa mimi.

Aliyekimbia ni Mzee Barasa. Aliona kutoka mbali, akavua kitambaa chake chekundu cha kichwani, akasimama katikati ya reli, akakipunga juu kwa mikono miwili huku akipiga kelele kwa Kibukusu, Kiswahili na Kiarabu kwa pamoja. Injini ilizidi kuja, ikasimama mbele yake kiasi cha hatua kumi. Watoto walikuwa wakishangilia, wakidhani ni sehemu ya sherehe.

Baba alishuka, akaitazama reli, akatazama ndoo yangu. "Nani amefanya hivi?"

Mzee alikuwa na haki ya kunitaja, na hakunitaja. Alinitazama tu, na nikaona ananingoja.

"Ni mimi, baba," nikasema. "Huyu mzee alinionya. Mimi sijui reli. Sijawahi kujua."

Nilidhani atafoka. Alizungumza polepole, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Reli itatengenezwa. Lakini uliona imepinda, na wajukuu zangu wako ndani, ukanyamaza. Nikutume kwa ndugu yangu umwendeshee watoto wake? Halas, imekwisha." Karatasi hazikutiwa sahihi. Baada ya wiki mbili kazi ya Jeddah akapewa dereva mwingine.

Tulipokuwa tunarudi Al-Shumaisi, Mzee Barasa ndipo alipozungumza. "Kukosea si kitu. Mimi nimekosea reli nyingi. Lakini kwetu kwenye genge, nyapara akiharibu husema ameharibu kabla gari halijafika. Akisema baada ya hapo hatumhesabu kuwa amesema." Kisha akaomba nimpitie Ijumaa ijayo kama kawaida. Ilipofika majira ya baridi tuliing'oa reli yote tukaitandika upya, yeye nyapara, mimi mbeba mataruma, na kila mwanya niliuacha kwa mkono wangu.

Nafula nilimwona mwaka uliofuata, nilipompeleka baba Jeddah kwa shughuli za siku moja. Madam wake alituruhusu dakika kumi, langoni, huku lango likiwa wazi. Alikuwa amekonda. Nilikuwa nimemweleza yote kwa simu, naye hakuwahi kunilaumu, nikadhani yamekwisha.

"Siku hizi unajua reli?" akaniuliza.

"Najua kidogo."

"Hilo 'kidogo' ungelisema siku ile garini," akasema, "ningekuwa nakupikia." Akafuta macho kwa upindo wa aproni, akaitwa ndani. Miaka mingine miwili ikapita kabla sijamwona tena, na ikawa nyumbani Kenya, wala si Jeddah.

Kwa hiyo, mwanangu, nasaha yangu ni fupi, na naomba usinilazimishe kuirudia, kwa maana ninyi vijana mna tabia ya kuitikia bila kusikia. Usichokijua sema hukijui, hata kama wote wamegeuka wanakutazama. Anayejua akisimama karibu nawe, mtaje, hata kama ni mlinzi wa ghala na wewe ndiwe unayeitwa fundi. Na siku utakapoharibu, maana utaharibu, weka ndoo chini ukimbie ukaseme kabla gari halijafika.

Nenda salama. Mungu akuongoze, akupe wenzako wakweli kazini, na popote utakapokula mkate wako, ule pamoja na uwapendao, mezani pamoja, si kwa dakika kumi langoni.