Sentimita Sitini za Madamu Kani

Wanafunzi ndio waliombatiza Madamu Kani, kwa jinsi alivyokuwa akilitamka neno "kani", ile nguvu ya kwenye fizikia, mpaka vioo vya darasa vikatetemeka. Kisha akapasuliwa koo, akabaki na mnong'ono tu. Mkuu wa shule, mtu muungwana asiyejua kutoa habari mbaya moja kwa moja, alimzungusha weee, mwisho akatamka: kuna nafasi ya kutunza maktaba, ajibu Jumatatu. Fizikia atapewa mwingine. Madamu alilia njia nzima.

Ijumaa akapigiwa simu na mwanafunzi wake wa zamani, yule aliyepata sita kwa mia kwenye fizikia, ambaye siku hizi anaongoza filamu za vichekesho. Kuna tukio lilikuwa linamtoa jasho. Donge la unga wa mkate linamponyoka mpishi kule roshani, linateleza juu ya ubao na kumwangukia mwenye nyumba kichwani. Siku mbili walikuwa wanakosa shabaha.

"Madamu, njoo uniokoe. Nilikuwa nasinzia siku ile ulipofundisha haya."

"Siku zote," akanong'ona Madamu.

Jumamosi asubuhi alifika na futi ya kamba na kipande cha chaki. Kutoka ncha ya ubao, iliyokuwa sawa na ukuta, hadi chini palikuwa na mita tano, kwa hiyo donge lingekaa hewani sekunde moja. Kasi yake likitoka ubaoni ilikuwa mita tatu kwa sekunde. Akachora alama mita tatu kutoka ukutani. Wakajaribu mara nne uani pakiwa patupu, na madonge yote manne yakatua pu! juu ya chaki. Kichwa kilimvimba kidogo, tusimfiche.

Ndipo akaitwa mwigizaji wa mwenye nyumba, mtu mwembamba aliyeitwa Ngongoti kwa urefu wake, ndani ya suti nyeupe. Akasimama juu ya alama, uso kwa ukuta. Donge likaponyoka, likapita mbele ya pua yake bila kumsalimu na kumwangukia viatuni.

"Mimi mnanitaka kichwa au miguu?" akauliza Ngongoti. Watu wakavunjika mbavu. Madamu hakucheka. Lilikuwa limebaki donge moja, na yeye alijiona tayari yuko maktaba anafuta vumbi.

Akaitazama suti kuanzia viatu kwenda juu, akajipiga kofi la paji la uso. Akaokota mkaa, akaanza kuandika ukutani huku akieleza, lakini nani amsikie? Mafundi walikuwa bado wanacheka. Fundi wa sauti ndiye aliyeona midomo inacheza. Bila kuambiwa, akasogeza ule mti wake mrefu wenye kipaza sauti mpaka mdomoni mwa Madamu, akafungulia spika.

"Darasani kila kitu huangukia sakafuni," ua mzima ukasikia. "Miaka ishirini na mbili nimefundisha hivyo. Hili linatakiwa likome kichwani. Ngongoti una mita moja na themanini, kwa hiyo linashuka mita tatu na ishirini tu. Hizo ni sekunde sifuri nukta nane. Zidisha kwa kasi, mita tatu. Wewe uliyekuwa unasinzia, tupe jibu."

Mwongozaji akasimama wima kama yuko kidato cha pili. "Mita mbili na... arobaini, Madamu!"

"Basi Ngongoti asogee ukutani sentimita sitini."

Ngongoti akasogea. Donge likateleza, likaruka, likamkaa Ngongoti utosini na kumshukia masikioni. Hata mpishi wa roshani alisahau kuigiza, akapiga vigelegele.

Watu hawakuondoka. "Madamu," akasema Ngongoti, unga ukimdondoka kidevuni, "na ningekuwa mfupi?"

Madamu Kani akampa mkaa. "Njoo ubaoni."

Jumatatu alikuwa mlangoni kwa mkuu wa shule kabla ya kengele. Mkononi alishika kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye ukosi, alichopewa na fundi wa sauti.

"Maktaba mpe mwingine," akasema. "Mimi nipe darasa langu. Sauti nimekuja nayo."