Kiti cha Dereva

Jirani yangu fundi cherehani anafufua gari la marehemu mumewe, kuukuu lakini la kuvuta kwa magurudumu yote manne, na kabla ya hapo hakuwahi kushika spana. Kila nati anaitia alama kwa chaki ya kukatia nguo. Nimemwambia atumie rangi, hasikii. Grisi ikifuta chaki, anacheka na kujiambia: "Haya mama, fumua ushone upya."

Jana injini ilinguruma kwa mara ya kwanza. Akapanda, akanyoosha mguu, klachi ikawa mbali.

"Mama fundi, sogeza kiti mbele!" nikamwambia.

Akakishika kishikio cha kusogezea kiti, kisha akakiachia. "Mwenyewe alikiacha kiti hapa," akasema, akashuka, akaingia nyumbani kuchukua mto wa kuweka mgongoni.