Namba Nilizomsomea Komora kwa Simu

Nilimharibia rafiki yangu kazi yake, na sikufanya kwa bahati mbaya. Nilikusudia. Leo naitoa siri hii, maana nimechoka kuibeba.

Mwishoni mwa miaka ya tisini mimi na mwenzangu, nitamwita Komora, tulikuwa tunasomea uzamivu. Yeye wa Wenje, mimi wa Garsen, sote wa kando ya mto mmoja. Yeye injinia, mimi daktari. Alikuwa anaunda programu ya kompyuta ya kulinganisha kina cha mto na idadi ya wagonjwa wa malaria, ili tujue mapema homa itapanda lini na dawa ziletwe kabla barabara haijakatika. Mimi nilikuwa nachunguza malaria hiyo hiyo, lakini yangu ilikuwa kuhesabu wagonjwa tu.

Wageni wa chuo wakija, wanamuulizia Komora. Profesa anamsifu Komora. Hata mama yangu mzazi, akinipakulia chakula, akasema, "Mwenzako anatafuta njia ya kutukinga na homa. Na wewe mwanangu, hesabu zako ni za nini?"

Chakula kilinishinda. Wivu ulinikaa kifuani kama kidonda.

Mto ulipofurika, Komora alikuwa Nairobi kwenye kompyuta za chuo. Akaniomba, "Ndugu yangu, kila Ijumaa nisomee idadi ya wagonjwa wa zahanati ya Garsen. Wewe ndiye ninayekuamini."

Kila Ijumaa nilienda posta ya Garsen, nikampigia simu. Wiki yenye wagonjwa wengi nilimsomea wachache. Yenye wachache, nikamsomea wengi. Wiki sita nzima. Na kila mara aliniambia asante.

Programu yake ikatoa jibu la ajabu, kwamba mto ukijaa homa inashuka. Profesa akatuita ofisini.

"Namba hizi umezipika," akamwambia Komora.

"Muulize huyu. Ndiye aliyenisomea."

Rejista ya zahanati ilishalowa na mafuriko, haisomeki. Nakala safi nilikuwa nayo mimi peke yangu, kwenye mkoba uliokuwa miguuni pangu. Nikasema, "Alizoandika sizo nilizomsomea."

Komora akanigeukia. "Labda nilisikia vibaya simuni," akasema. Akakusanya karatasi zake, akatoka. Chuo kikamfukuza, akarudi Wenje kulima. Mimi nikahitimu kwa namba zile zile za kweli nilizomnyima.

Miaka kadhaa baadaye mto ukajaa tena. Barabara ikakatika, dawa zikaisha kwenye zahanati nilikokuwa nafanya kazi. Asubuhi moja Komora akaingia amembeba binti yake mdogo, mtoto anawaka moto kwa homa, shingo imelegea.

"Daktari, dawa zinafika lini?" akaniuliza.

Swali lile lisingeulizwa kama ningemwacha amalize programu yake, dawa zingeletwa kabla barabara haijakatika. Nikamwambia sijui.

Zilifika siku ya tatu, kwa mtumbwi. Mtoto alipona, lakini homa iliharibu masikio yake, hasikii mpaka leo. Komora alinishukuru kwa kumhudumia. Sijamwambia bado kwamba namba zile nilizibadilisha makusudi. Nitamwambia. Nimeanza na nyinyi kwa sababu kwake miguu inakataa.

Wewe unayesoma, ukisikia mwenzako anasifiwa na roho inakuchoma, ondoka mahali pale. Nenda ukalie ukitaka, hakuna atakayekucheka. Ila kazi yake usiiguse. Mimi nilidhani namkomoa Komora, kumbe nilikuwa namnyang'anya dawa mtoto ambaye hata hajazaliwa.