Nilipiga Vigelegele Mbele ya Karatasi ya Mtoto Aliyefeli

Jamani, nimemharibia mtoto wa watu shule. Si bahati mbaya, nilikusudia! Msinitafutie kisingizio cha uzee, akili zangu zote ninazo.

Mimi ni bibi wa huku Ngara, niliishia darasa la nne. Kusoma nasoma kwa kukokota, lakini kalamu nyekundu naitambua hata nikiwa mlangoni. Naishi na mjukuu wangu Odetha, nimemlea tangu anatambaa.

Shule yetu ina tabia ya kubandika ukutani mitihani iliyosahihishwa, siku ya kikao cha wazazi. Jina juu, alama pembeni, kila mtu aone. Mwaka jana Odetha alipata sifuri ya hesabu. Jirani yangu, Bibi Jenista, akaita wanawake wote:

"Njoni muone! Kuku wa Bibi Odetha ametaga ukutani!"

Walicheka mpaka mmoja kitenge kikamfunguka. Tangu siku ile nikawa Bibi Mayai. Tukilima maharage kwa zamu: "Bibi Mayai, sogeza jembe." Kanisani tukipeana amani, wananishika mkono huku wamebana kicheko. Mimi! Mimi niliyewashika wengine wao migongo wakijifungua!

Nikasema moyoni, ngojeni.

Odetha nilimkazia. Kuni sikumtuma, maji nikachota mwenyewe na magoti yangu haya. Akapanda kweli. Huku kwa jirani, binti yake akaugua, na mjukuu wake Jenista, rafiki mkubwa wa Odetha, ndiye akawa wa kumwogesha mama yake na kumpikia. Shuleni leo yupo, kesho hayupo. Nilijua! Nilikuwa nampelekea mgonjwa uji, nikirudi na kikombe kitupu nafurahi: huyu mtoto hafaulu.

Kikao kilipofika, mwalimu mkuu akasema anafikiria kuacha kubandika, kila mtoto apewe karatasi yake mkononi. Nikasimama.

"Mwalimu, ya mjukuu wangu ilipobandikwa, huruma haikuwepo. Leo imetoka wapi? Anafichwa mtoto wa nani?"

Wazazi wakapiga makofi. Mwalimu akainamisha kichwa, karatasi zikabandikwa palepale.

Nikaitafuta ya Jenista. Nyekundu tupu! Nikapiga vigelegele, vilevile tunavyompigia bibi harusi akiingia uani.

"Hongera, Bibi Jenista ndugu yangu! Kwangu alitaga, kwako ameangua!"

Wanawake walewale wakacheka. Jirani akajifunika uso kwa kanga. Nikisema sikufurahi, nitamdanganya Mungu. Ilikuwa tamu kuliko asali!

Kumbe Jenista alikuwa nyuma yangu muda wote. Akapita katikati yetu, akaweka kiganja juu ya jina lake, akabaki hivyo, ameutazama ukuta. Kicheko kikakatika. Odetha naye akabandua karatasi yake, ile nzuri yenye vyema tele niliyoitolea jasho, akaikunja akaitia mfukoni mwa sweta.

"Bibi, umeridhika?"

Akaondoka.

Jenista hakurudi shule. Mama yake akabaki akiuguzwa na Bibi Jenista, na tukasikia mtoto yuko Biharamulo, anaosha vyombo kwenye mgahawa kule Runazi. Nikamfuata.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukuchukua, urudi shule."

Akafuta meza taratibu. "Nirudi kusimama mbele ya ukuta ule, bibi? Hapana. Nikuletee chai?"

Akaileta. Nikailipia, nikaiacha mezani.

Odetha bado anasoma, na anafaulu, lakini karatasi zake hanionyeshi tena. Nikiuliza, anasema "nimepata" basi, anaingia ndani.

Bibi Jenista nilimwendea uani kwake nikampigia magoti. Hakuacha kupepeta maharage.

"Inuka, utachafua kitenge. Sikulaani mimi. Una wajukuu wengi, na ukuta bado upo. Nangoja tu."

Namwelewa! Hata mimi ningengoja.

Ninyi mnaonisoma, karatasi ya mtoto apewe mtoto. Atakayetaka kuiona amwombe. Na kama una kisasi na jirani, mfuate mwenyewe mchana kweupe, mtukanane mpaka mate yakauke, mvutane hata kanga! Usimpige kupitia kwa mjukuu wake. Mwalimu akisema tuache kubandika, nyamaza aache, usisimame kama mimi kichwa kigumu. Nimerudi kumwomba aache kabisa, akanijibu, "Bibi, si wazazi mlipiga makofi?"

Mjukuu wangu mdogo anaanza darasa la kwanza mwezi wa kwanza. Jirani ameshaniuliza ameandikishwa kwa jina gani.